Samaki wa Kasanga na Samaki wa Samazi

Wasomaji wetu, wengi wenu mmekwisha kuliona tangi la kioo katika chumba cha sayansi, na baadhi yenu mmeniuliza kwa nini limebandikwa karatasi yenye maneno, "Wasihamishwe, wasigawiwe." Sababu yake ni kosa, na kosa lenyewe ni langu. Basi nitalieleza kwanza, ndipo tujifunze.

Baada ya kupata idhini ya Bwana Samaki, tuliteremka ziwani kuchukua samaki wadogo wa mawe kwa somo la elimu ya viumbe. Ndoo moja ilijazwa Kasanga, ya pili Samazi. Mvuvi mmoja mzee alituonya: "Mwalimu, samaki wa mwamba ule si wa mwamba huu." Nilimshukuru, lakini sikuandika kitu juu ya ndoo. Nilidhani macho yangu yatatosha. Tulipofika Sumbawanga usiku, samaki wote walikuwa wamepauka kwa hofu, ndoo zimekwisha kupokezanwa garini, na hakuna aliyeweza kuapa ipi ni ipi. Tukawatia wote katika tangi moja.

Samaki hao kwa jina la kitaalamu huitwa Tropheus moorii. Jina walipewa na Boulenger mwaka 1898, kwa heshima ya Moore, Mwingereza aliyechunguza viumbe vya Ziwa Tanganyika. Hawapatikani katika maji mengine yoyote duniani ila ziwa hilo. Chakula chao ni mwani wanaoukwangua juu ya mawe. Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wanaowafuga majumbani kwa uzuri wao, kama sisi tufugavyo njiwa, na hununua kila samaki kwa jina la mahali alikotoka. Hata jina la Kasanga yetu limo katika orodha zao, kwa sababu ya samaki wake wenye wekundu.

Sasa, kwa nini mahali pawe na maana kubwa hivyo? Mtazameni samaki huyu maisha yake. Hukaa katika miamba, naye huogopa kuvuka mchanga mtupu au maji ya kina. Mama huyabeba mayai kinywani mwake, machache tu lakini makubwa, na huwalea watoto humo kwa muda wa wiki nne hivi. Wakitoka huwa wakubwa kiasi cha kujitafutia, nao hubaki palepale. Kwa hiyo ghuba moja ya mchanga yatosha kuwatenga ndugu kwa maelfu ya miaka. Kina cha ziwa kimepanda na kushuka mara nyingi tangu zamani, na kila mara koo nyingine zimeunganishwa na nyingine zimetengwa. Leo wataalamu huhesabu koo zaidi ya 100 zinazotofautiana kwa rangi. Nyingine wamezipa daraja ya nususpishi, nyingine spishi kamili, na juu ya nyingine bado wanabishana. Nami siwalaumu.

Mtu atawatambuaje basi? Spishi zilizo mbali hazina taabu. Tropheus duboisi wa upande wa Kigoma, akiwa mchanga, ni mweusi mwenye madoadoa meupe kama kanga, hakuna atakayemkosa. Mwingine, Tropheus annectens, hujulikana kwa kuhesabu miiba ya pezi la chini, lile lililo nyuma ya tundu la haja: yeye anayo 4, na moorii kwa kawaida huzidi hapo. Kazi hiyo yataka subira na kitambaa kilicholowa, maana samaki asikaushwe mikononi.

Lakini koo mbili za spishi moja, za pwani moja, hapo ndipo penye shida. Miiba ni ileile. Umbo ni lilelile. Hata dume na jike hufanana, mpaka umgeuze samaki na kumchungua tumboni. Imebaki rangi, na rangi ni shahidi mwongo: hubadilika kwa hofu, kwa ugomvi, kwa chakula na kwa umri. Vifaranga wengi huwa na mistari ya kusimama, wakafanana hata kama wazazi wao hawafanani. Ndiyo sababu mfugaji hodari hategemei macho, hutegemea daftari. Huandika mahali na siku ya kuvuliwa, na tangi la kila ukoo huwa mbali na lingine.

Katika tangi letu, lililofunikwa blanketi kwa baridi ya Ufipa, jike mmoja alitema vifaranga 9. Furaha ilikuwa kubwa darasani. Kisha msichana mmoja wa Kidato cha Pili akauliza, "Mwalimu, baba yao ni wa wapi?" Sikuwa na jibu. Wazee wetu hapa wajua kwamba ukipanda mahindi ya njano karibu na meupe utavuna mahindi yenye punje za rangi mbili, na mbegu ile haifai tena kuitwa kwa jina lolote kati ya hayo mawili. Walakini mahindi mtu aweza kununua mbegu nyingine. Ukoo wa mwamba mmoja haununuliwi popote.

Baadhi ya wanafunzi waliona huruma, wakataka vifaranga warudishwe ziwani. Nilikataa, na wengine walininunia. Sababu yangu ni hii. Upande wa Zambia, kusini mwa ziwa, samaki wa rangi nyingine waliwahi kuingizwa na binadamu mahali pasipo pao. Wachunguzi walipopima baada ya miaka 12, walikuta damu ya wageni imekwisha kuchanganyika na ya wenyeji. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2012. Nasi tungewapeleka wetu wapi? Kasanga au Samazi? Popote tungewapeleka, tungekuwa tunabahatisha kwa mali ya watu wengine.

Kwa hiyo watakaa hapa mpaka wafe, nao watafaa kwa somo la kinywa na mapezi.

Likizoni, wanafunzi ambao kwao ni Kasanga, Samazi, Kipili au Wampembe wasilete samaki. Walete daftari: wachore mwamba mmoja, waandike rangi za samaki wakubwa na za vifaranga, kisha wavuke mchanga hadi mwamba wa pili na kufanya vivyo hivyo. Wawaulize na wavuvi wazee majina wanayowaita.