SOMO: Shamba Liligawanywa, Lakini Mfereji Je?



Safari hii tunajifunza kutoka kijiji cha Areni, nchini Armenia. Hiyo ni nchi ya milima, mbali kaskazini kwetu. Kwa mapokeo, ndiyo ya kwanza kuufanya Ukristo dini ya taifa, mwaka 301. Areni iko kando ya mto Arpa, na watu wake ni wakulima wa zabibu na watengenezaji wa divai.

Kazi hiyo ni ya zamani sana. Ndani ya pango karibu na kijiji, wataalamu walichimbua mahali pa kukamulia zabibu, pamoja na mitungi na mbegu, vyote vya miaka 6,000 hivi. Kanisa la kijiji, la Mama wa Mungu, lilijengwa 1321.

Sasa tuangalie ardhi. Armenia ilikuwa chini ya Wasovieti tangu 1920 hadi 1991. Serikali iliunganisha mashamba ya wakulima yakawa ya pamoja. Mkulima hakuulizwa. Mipango ilitoka juu, yeye kazi yake kufuata tu.

Mwaka 1991 ardhi iligawiwa familia. Watu walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini nchini kote, familia nyingi zilipata chini ya ekari 5, tena vipande vipande, hapa na pale. Kumbe shamba hugawanyika, lakini trekta haigawanyiki! Mfereji nao ni mmoja, na ukiziba wanaumia wote. Tena mnunuzi mkubwa hana haja na debe mbili. Wengi wakabaki kulima chakula cha nyumbani tu.

Watu wa Areni waliuza divai yao barabarani kwa wasafiri, ndani ya chupa kuukuu za soda. Tangu 2009 kuna sikukuu ya divai kila Oktoba, na wageni huja kijijini wenyewe.

Tunaona nini? Ushirika wa kulazimishwa huvunjika amri ikiisha. Na kila mtu peke yake, hata akiwa na shamba lake, hafiki mbali. Umoja unaodumu ni ule wanachama wameuchagua wenyewe.

Maswali ya kujadili:
1. Kikundi chetu tulikianzisha sisi, au tuliambiwa?
2. Ni kitu gani kwetu hakigawanyiki? Nani anakitunza?
3. Tunauza pamoja, ama kila mtu na debe lake?