Zebaki ya Jino Imetoka, Sasa Haraka ya Nini?

Umeshuka kwenye kiti cha daktari wa meno mjini Machakos, shavu bado limekufa ganzi, na ule mjazo wa rangi ya fedha uliokaa kinywani tangu shule ya msingi umeondoka. Karibu nusu ya uzito wake ilikuwa zebaki. Kabla hujafika steji, jirani ameshakutumia jina la vidonge vya "kutoa sumu". Ngoja kwanza, ndugu yangu.

1. Acha figo zianze kazi. Kuchimba mjazo hutoa mvuke, hivyo zebaki kwenye damu huweza kupanda kidogo siku za mwanzo, kisha ikashuka yenyewe. Takriban nusu yake hutoka katika miezi miwili, na nusu ya iliyosalia katika miwili inayofuata. Kunywa maji, kula isyo (mahindi na maharagwe) na sukuma, choo kisikwame. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo.

2. Pima kabla ya kumeza. Mkojo wa saa 24 ndio unaoonyesha vizuri zebaki ya aina hii. Mtu akitaka kukupa dawa ya kukamata metali kwanza, ndipo akupime, kataa. Dawa hiyo hupandisha zebaki ya mkojo hata kwa mtu asiye na sumu yoyote, nawe utarudi nyumbani na karatasi ya kukutisha bure.

3. Dawa zenyewe ni za sumu iliyothibitishwa. DMSA na DMPS, dawa hizo za kukamata metali, zina kazi yake, lakini si usafi wa kila aliyetolewa mjazo. Daktari anapoona zinahitajika, huzitoa kwa awamu na kuweka mapumziko katikati. Metali iliyojificha kwenye viungo hurudi tena katika damu awamu ikiisha, na dawa hukokota pia zinki na shaba ambazo mwili unazitaka. Zinaweza kupunguza chembe nyeupe za damu na kusumbua ini. Kwa hiyo figo, ini na hesabu ya damu vipimwe kabla ya kuanza na kila baada ya awamu. Ni vipimo vya kawaida katika hospitali kubwa kama Machakos Level 5. Ratiba ya kumeza dawa uliyoipata kwenye simu imetungwa na mtu asiyejua figo zako zikoje.

4. Dripu ya EDTA, dawa nyingine ya kukamata metali, usiikubali. Hiyo ni habari ya madini ya risasi, si zebaki. Kati ya 2003 na 2005 watu watatu walikufa Marekani, wawili wao watoto wadogo, baada ya kutiwa aina ya EDTA inayofyonza kalsiamu ya damu. Kalsiamu ikianguka, moyo husimama.

5. Dania ni ya kachumbari. Hakuna ushahidi kwamba inatoa zebaki mwilini.

6. Chungulia kabati la bafuni. Kipimo kikiwa juu, usilaumu meno peke yake. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki mwaka 1998, lakini krimu na sabuni za kujichubua zingali zinauzwa kwa siri, na zinaweza kuharibu figo. Kutoa sumu huku ukijipaka nyingine kila usiku ni kuteka maji kwa pakacha. Mkono ukianza kutetemeka, au mkojo ukapungua, nenda hospitali leo, na ile krimu uibebe.

7. Mijazo mingine, kama ni mizima, iache. Kuichokoa ndiko kunakotoa mvuke mwingi. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao safari yake ilianzia kwenye uamuzi uliopitishwa Nairobi mwaka 2009, uliongezewa kipengele Machi 2022: mijazo ya zebaki isiwekwe kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, ila daktari akiona hapana budi. Mama mjamzito, hata kuitoa ngoja ujifungue, kama jino haliumi wala halijaoza. Siku ikifika, omba maji mengi yamwagwe jino likikatwa, mashine ya kunyonya iwe kando ya jino lenyewe, na mjazo ukatwe vipande vikubwa badala ya kusagwa. Vipande hivyo uviachie kliniki ivifungie kwenye chupa.