Maji Yanayorudi Nyuma Katika Mabomba ya Kumwagilia

Watu wengi hudhani kwamba maji ya bomba huenda upande mmoja tu, yaani kutoka tangi kubwa la mji mpaka kwenye mfereji wa nyumba au shamba. Kwa kawaida ndivyo yalivyo, kwa sababu maji husukumwa na pampu, au hushuka kwa nguvu kutoka tangi lililo mahali pa juu. Lakini nguvu hiyo ikipungua ghafula, maji huweza kurudi yalikotoka, na kuchukua uchafu wowote ulioko mwisho wa bomba.

Jambo hili lilitokea mwaka 1969 katika Chuo cha Holy Cross, mjini Worcester, nchi ya Marekani. Uwanja wa mazoezi wa timu ya mpira ulimwagiliwa kwa bomba ambalo midomo yake ilikuwa ndani ya vishimo ardhini. Watoto wa jirani waliokuwa na ugonjwa wa ini wa kuambukiza walikuwa wakicheza hapo. Siku moja ya mwezi wa Agosti moto uliwaka karibu na mahali hapo, na wazima moto wakavuta maji mengi. Nguvu ya maji ilipungua, na maji machafu ya vishimo yakanyonywa ndani ya bomba lile lile lililowapatia wachezaji maji ya kunywa. Watu 90 kati ya 97 wa timu hiyo waliambukizwa. Baada ya michezo miwili tu, michezo yote iliyobakia mwaka huo ilifutwa.

Maji hurudi nyuma kwa njia mbili. Ya kwanza ni kunyonywa, kama mafuta ya taa yanyonywavyo kutoka debeni kwa mpira. Ya pili ni kusukumwa: pampu ya shamba ikiwa na nguvu kupita maji ya mji, maji ya shamba huingia katika bomba la mji. Katika shamba hatari ni kubwa, maana huko kuna samadi, mbolea na dawa za kuulia wadudu.

Kinga iliyo rahisi kuliko zote ni nafasi ya hewa. Mdomo wa bomba huwekwa juu ya ukingo wa tangi, usiguse maji kamwe. Nafasi hiyo haipasi kupungua mara mbili ya upana wa bomba, wala kuwa chini ya inchi 1. Basi bomba la inchi 1 lahitaji nafasi ya inchi 2.

Kinga ya pili ni vali ya kuingiza hewa, ambayo huzuia maji yasinyonywe. Hapana budi ikae juu kuliko vinyunyizio vyote, kwa inchi 6 au 12 kufuatana na aina yake. Vali hii haifai mahali penye pampu inayosukuma maji kurudi. Mahali ambapo mbolea au dawa hutiwa ndani ya bomba, hutumika chombo chenye vali mbili, na katikati yake tundu la kumwaga maji nje vali zikiharibika. Chombo hiki kisiwekwe ndani ya shimo linaloweza kujaa maji.

Lakini kufunga chombo si mwisho wa kazi. Springi hulegea, mpira huchakaa, na chembe ya mchanga huweza kuzuia vali isifunge. Maji huendelea kutoka vizuri, na mwenye shamba hajui kwamba kinga yake imekufa. Kwa hiyo miji mingi ya Marekani hutaka vyombo hivyo vipimwe vinapofungwa, baada ya kutengenezwa, na tena kila mwaka, na fundi mwenye cheti atumiaye kipimo cha nguvu ya maji. Nafasi ya hewa hukaguliwa kwa macho, ili ihakikishwe kwamba hakuna aliyerefusha bomba kwa kipande cha mpira.

Mkulima asiye na vyombo hivi aweza kujilinda pia. Asiache mpira wa maji ndani ya pipa la dawa, hata kwa dakika moja. Na alijaze pipa maji safi kwanza, auondoe mpira, ndipo atie dawa mbali na mfereji. Kazi hiyo haina gharama, nayo huwalinda watu wake na jirani zake wote wanywao maji ya bomba hilo.