Somo kwa Mgeni wa Mombasa: Kujipikia kwa Vyakula vya Pwani

Mtu wa Bara ashukapo Mombasa kwa mara ya kwanza kutafuta kazi, hujiandaa kwa mambo mengi: joto, kodi ya chumba, na ugeni wa mji. Jambo moja husahau, nalo ni jiko. Kwao alipikiwa na mama au mke. Hapa yu peke yake. Akienda Marikiti, lile soko lililo kando ya Mji wa Kale, huona vyakula vingi asivyojua jinsi ya kuvitumia.

Safari hii si mpya. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo watu wa Bara wameshuka kufanya kazi bandarini, viwandani na maofisini. Wengi huangukia mojawapo ya makosa mawili. Wengine hula hotelini asubuhi, mchana na jioni, hata mwezi haujafika nusu mshahara umekwisha, na waliobaki nyumbani hawajapelekewa kitu. Wengine hupika ugali na sukumawiki kila siku, hali samaki na nazi vinauzwa karibu na mlango wao. Somo la leo ni la kuonyesha njia ya tatu.

1. NAZI

Mimi mwenyewe nilipokuwa mgeni nilinunua nazi, nikaikata vipande na kuvichemsha pamoja na mchele, kama viazi. Mama mwenye nyumba alipofunua sufuria alicheka sana. Kisha akaketi juu ya mbuzi, akasema, “Mwanangu, nazi haipikwi hivyo. Hukunwa, ikakamuliwa. Njoo utazame.” Nikajibu, “Ahsante, mama,” nikatazama. Haya ndiyo niliyojifunza.

Chagua nazi iliyo nzito, itikise usikie maji ndani, na uiache ile yenye ukungu au unyevu machoni pake. Ivunje katikati, uikune kwa mbuzi. Tia maji ya vuguvugu kidogo katika machicha, uyakamue kwa kifumbu au kitambaa safi. Tui hili la kwanza ni zito, nalo huitwa kasimile, liweke kando. Tia maji tena, ukamue tui jepesi.

Sasa kanuni iliyo kubwa: tui jepesi ndilo la kupikia, na tui zito ni la kumalizia. Kwa wali, chemsha tui jepesi na chumvi, utie mchele uliooshwa. Maji yakaribiapo kukauka, mimina kasimile, funika, upunguze moto, na kama watumia makaa, palia machache juu ya kifuniko. Nazi moja kubwa yatosha nusu kilo ya mchele. Kwa mchicha, kunde au mbaazi, tia kasimile mwishoni, ukikoroga polepole. Likichemka kwa nguvu bila kukorogwa, tui hukatika. Tena, chakula cha nazi huchacha upesi katika joto la Mombasa. Pika cha siku hiyo tu.

2. SAMAKI

Nunua mapema. Samaki mzuri ana macho maangavu yaliyotokeza, mashavu mekundu ndani, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Jodari na jamii yake wakikaa juani hufanya sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo mtu asiye na barafu na awapike mara afikapo nyumbani.

Yuko na samaki mmoja wa kuogopwa kabisa: bunju, yule avimbaye kama mpira. Sumu yake huua, wala moto hauiondoi. Ukipewa samaki usiyemjua, muulize mvuvi jina lake kabla hujawasha jiko.

3. MUHOGO

Muhogo ni rahisi kununua na hushibisha, lakini wahitaji adabu. Uko mtamu na uko mchungu, na ule mchungu una sumu nyingi iitwayo sayanidi. Huko Kongo na Msumbiji, watu walioutegemea muhogo mchungu usiotayarishwa vema wamepatwa na ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu. Basi mwulize muuzaji kama ni mtamu. Umenye maganda yote mawili, uukate, uuchemshe katika maji mengi bila kufunika sufuria, kisha uyamwage maji hayo. Ukionja ukaona uchungu, utupe. Hasara ya fungu moja ni ndogo kuliko hasara ya afya.

4. MASHAURI YA MWISHO

Usinunue viungo vyote kwa siku moja. Anza na manjano, kitunguu saumu, ndimu na ukwaju. Hivi vyatosha kwa samaki na mboga. Jifunze chakula kimoja kila juma. Baada ya miezi miwili utakuwa na vyakula vinane, na fedha iliyokuwa ikiishia hotelini itafika nyumbani kwa watoto.

Zaidi ya yote, usione haya kuuliza. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Mpishi wa Pwani hufurahi kumfundisha mgeni aliye na heshima, na mgeni aliyefundishwa kupika hana budi kumwonyesha mwingine atakayeshuka kesho.