SOMO LA AFYA: RANGI YA CHOO INATUAMBIA NINI?



Katika somo hili tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja, yaani rangi ya choo kikubwa. Fundi hutazama mafuta yanayotoka katika mashine, akajua ndani kuna kasoro gani. Mwili nao ni vivyo hivyo.

Choo cha kawaida ni cha rangi ya kahawia. Rangi hiyo hutokana na nyongo, ambayo hutengenezwa na ini na kumiminika utumboni. Tukila mboga nyingi za majani, choo huweza kuwa cha kijani. Huo si ugonjwa. Lakini tuangalie dalili hizi nne:

1. Cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vibaya. Huenda damu inavuja tumboni, mara nyingi kutokana na vidonda. Wenzetu wanaobeba magunia na kumeza aspirini au diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo wajihadhari: dawa hizo huweza kuchubua tumbo. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa mama wajawazito navyo hufanya choo kuwa cheusi, bila madhara. Lakini asiyevitumia aende hospitali siku hiyo hiyo.

2. Chenye damu nyekundu. Huweza kuwa bawasiri, kuhara damu, au kichocho cha utumbo kwa wanaoingia majini katika mashamba ya mpunga. Huweza pia kuwa saratani. Tusikisie, tupimwe.

3. Cheupe kama chokaa. Nyongo haifiki utumboni. Macho yakiwa ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi, ini au mrija wa nyongo una matatizo.

4. Majimaji kama maji ya kuoshea mchele. Hii ni dalili ya kipindupindu, ambacho huweza kuua kwa saa chache. Mgonjwa anyweshwe maji ya chumvichumvi huku akipelekwa hospitali. Kama hayapo, tuchanganye maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazishwa, na chumvi nusu kijiko kidogo.

Tukumbuke kwamba minyoo ya safura hunyonya damu bila rangi ya choo kubadilika. Anayechoka upesi na kuhema asiitwe mvivu, apimwe.

Ndugu, anayeogopa kukatwa mshahara wa siku huficha ugonjwa mpaka aanguke kazini. Kwa hiyo tudai kwa umoja vyoo vya kutosha, maji na sabuni, na ruhusa ya kwenda zahanati bila kukatwa ujira.

Maswali ya kujadiliana tawini:
(a) Je, vyoo vya kazini kwetu vina mwanga wa kutosha mtu kuona?
(b) Ni nani kati yetu hutumia dawa za maumivu kila siku, na ni kazi gani inayomlazimisha?
(c) Mwenzetu akiugua zamuni, nani atampeleka hospitali?