Stima Zikirudi kwa Nguvu: Kabla Hujanunua Gadi ya Friji

Unanunua tokeni kwa simu, tarakimu 20 zinaingia, mita inakubali, taa zinawaka. Wengi wetu tunaishia hapo. Lakini tokeni inakupa yuniti tu. Haikuahidi kwamba stima itakayopita kwenye waya ni ile friji yako inataka. Na kwa vile siku hizi friji nyingi zinachukuliwa kwa lipa polepole, ikiungua mwezi wa tatu bado utadaiwa wa nne, wa tano, mpaka deni liishe. Waranti nyingi pia hazigusi uharibifu wa stima. Soma masharti yake kabla hujalipa depositi.

Hapa Kenya stima ya nyumbani ni volti 240. Hiyo ni namba ya kwenye karatasi. Ukiishi mbali na transfoma, au mtaa umejaa nyumba kuliko ilivyopangwa, jioni watu wakiwasha kila kitu volti zinashuka. Utajua tu: taa inafifia, friji inanguruma bila kushika. Usiku wa manane watu wakishalala, zinapanda tena.

Watu huogopa stima nyingi, na kweli inaunguza. Ila kwa friji, stima kidogo inaweza kuua vilevile, tena polepole bila wewe kushtuka. Kompresa ni mota. Ikipewa volti chache inashindwa kuzunguka, inavuta ampea nyingi, na waya zake za ndani zinapata moto hadi zinaungua. Halafu kuna ile ya stima kupotea na kurudi papo hapo. Gesi ndani bado ina presha, na kompresa inalazimishwa kuanza na mzigo mgongoni.

Hapo ndipo gadi inaingia. Kazi yake ni kukata: volti zikizidi au zikipungua, inazima friji, kisha inangoja dakika chache stima itulie ndiyo iwashe. Huo muda wa kungoja unawaudhi watu. Wanadhani gadi imekufa, wanaichomoa na kuchomeka friji ukutani moja kwa moja. Tafadhali, iache ingoje.

Stabilaiza ni kitu kingine. Yenyewe haikati tu, inarekebisha: ndani ina transfoma ndogo inayopandisha volti zikishuka na kuzishusha zikipanda. Ile klik klik unayosikia ni swichi zake zikibadilisha hatua. Kwa maoni yetu, kama kwenu stima hupotea na kurudi lakini ikiwepo iko sawa, gadi inatosha na ni ya bei nafuu. Kama taa hufifia kila jioni, gadi itakata friji kila jioni na maziwa yataharibika. Hapo nunua stabilaiza. Muuzaji akikutajia kondishona ya laini, hiyo husafisha pia kelele za umeme, na nyumba ya kawaida haiihitaji. Ekstensheni nayo isikudanganye. Nyingi zinagawa stima tu, na hata zile zenye kinga ya mruko haziwezi kupandisha volti zilizoshuka. Kinga yenyewe huchakaa kila inapopokea pigo.

Kwa televisheni, angalia maandishi ya nyuma. Ukikuta imeandikwa 100–240V, stima kidogo haiisumbui sana; shida yake ni stima nyingi, na gadi ya kawaida inatosha. Pasi na birika la stima usizinunulie chochote.

Ukinunua stabilaiza, usiangalie wati za friji peke yake. Friji ya wati 150 inapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi. Wengi huiwekea stabilaiza ya VA 1000, na hatuoni kama ni kupoteza pesa. Usichomeke na microwave hapo hapo.

Kuna hatari moja ambayo usingoje kifaa ikuokoe. Ukiona taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kiasi na za kingine zinafifia, huenda waya wa nyutro umekatika. Volti zinaweza kupanda kuelekea 415. Zima swichi kubwa mara moja na upigie kampuni ya stima. Radi nayo, chomoa plagi mapema kabla mvua haijafika, pamoja na waya wa antena.

Sasa malipo. Gadi feki ni nyingi, na ukiifungua unakuta taa na waya basi. Nunua dukani penye risiti, ulipe kwa namba ya till ya duka, si namba ya simu ya mtu, na usome jina linalotokea kabla hujathibitisha malipo. Ile SMS ya malipo usiifute. Ina tarehe, kiasi na jina la duka, na itakusaidia ukirudisha kifaa.

Na mtu akikupigia akisema atakulipa fidia ya friji iliyoungua, kwanza umtumie "ada ya usajili" au umtajie PIN, kata simu. Dai la fidia peleka mwenyewe ofisini kwa kampuni ya stima, ukiwa na namba ya mita, tarehe na saa stima iliporuka, na ripoti ya fundi.