Kiharusi na Akina Baba

Wanaume wengi hukihesabu kiharusi kuwa ni jambo la wazee. Lakini twaona mtu ameamka mzima, akaenda shambani au kazini, na kabla ya jua kutua mkono mmoja umelegea, wala maneno hayatoki. Ndipo majirani husema amepigwa na upepo mbaya, au amerogwa. Na huku wakishauriana, saa zinapita.

Upepo haumo kabisa katika jambo hili. Ubongo huishi kwa damu. Mshipa ukizibwa na donge, au ukipasuka damu ikamwagika kichwani, sehemu ile ya ubongo huanza kufa mara moja.

Wala tusidhani kwamba haya ni maradhi ya Ulaya. Wachunguzi walioandikisha wagonjwa wa kiharusi wilayani Hai na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam, kwa miaka 3 tangu 2003, walipata watu 636. Na 453 kati yao walikuwa wa Hai, katika nchi ya migomba na kahawa.

Adui mkubwa ni shinikizo la damu, kwani halina maumivu. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikufa kwa kiharusi tarehe 12 Aprili 1945, akiwa na miaka 63. Madaktari wake walijua kwamba shinikizo lake lilikuwa kubwa mno, ila dawa ya kufaa haikuwapo bado. Mkulima wa leo aweza kupewa vidonge ambavyo rais yule hakuvipata.

Lakini sharti apimwe kwanza. Mama mjamzito hupimwa shinikizo aendapo kliniki. Baba hupimwa lini? Wengi husubiri mpaka waanguke. Kipimo kikizidi 140 kwa 90 mara kwa mara, hapana budi kumwona daktari. Na yuko aanzaye vidonge, akajiona mzima, akaviacha: huyo ajidanganya, kwani hata kabla ya vidonge hakusikia maumivu. Sigara, pombe nyingi na kisukari visivyotunzwa huzidisha hatari. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa chakulani.

Watu wa nyumbani nao wazijue dalili: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito. Zikitokea ghafla, hata zikipita baada ya dakika chache, apelekwe hospitali siku ile ile. Asipewe chakula wala maji, maana aweza kupaliwa. Wala asipewe aspirini, kwani haijulikani bado kama damu inavuja kichwani. Palipo na donge iko dawa ya kuliyeyusha, katika hospitali chache zilizo nayo, lakini muda wake ni saa 4 na nusu tu. Kwa hiyo andikeni saa zilipoanza dalili, daktari ataiuliza.